Maana unayo, neno huna: jinsi msamiati wa juu wa Kiingereza unavyojengwa

Zisome sentensi hizi mbili. Ya kwanza: "The council sanctioned three companies for dumping waste in the river." Ya pili: "The council sanctioned the purchase of two fire engines." Kitenzi ni kilekile, mtendaji ni yuleyule, wakati ni uleule. Lakini katika ya kwanza baraza limeziadhibu kampuni tatu kwa kutupa taka mtoni, na katika ya pili limeidhinisha ununuzi wa magari mawili ya zimamoto. Aliyekariri kwamba "sanction" ni kuwekea vikwazo, kama lilivyozoeleka katika taarifa za habari za kimataifa, atamaliza sentensi ya pili akiamini kwamba magari ya zimamoto yamezuiwa.

Habari za bunge nazo zina mitego yake. "Oversight" ikikaa na "role" au "committee" ni usimamizi, yaani kazi ya wabunge kuiangalia serikali. Waziri akisema "it was an oversight", hapo anaomba radhi: kuna jambo lilipitiwa. Mbunge akiandikwa kwamba "has tabled a motion", kwa Kiingereza cha Uingereza, ambacho ndicho kinachofuatwa katika mabunge ya kwetu yanayotumia lugha hiyo, ameiwasilisha hoja ijadiliwe. Kwa Kiingereza cha Marekani ni kinyume chake kabisa: hoja imewekwa kando.

Wanaojikwaa hapa si wavivu. Wengi wamejifunza sana, ila kwa njia moja tu: zile orodha zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, "maneno 500 magumu ya Kiingereza", kila neno likifuatwa na alama ya sawasawa kisha neno moja la Kiswahili. Neno la kushoto halina kosa, la kulia mara nyingi halina kosa pia. Kosa liko kwenye ile alama ya sawasawa.

Kujua neno ni kujua nini

Tuelewane kwanza kuhusu maneno machache. Fasili ni maelezo ya maana kama kamusi inavyoyatoa. Familia ya neno ni neno pamoja na ndugu zake wa mnyambuliko: sisi tuna soma, somo, msomi, usomaji, somesha, someka, Kiingereza kina "analyse", "analysis", "analyst", "analytical". Wenza wa neno ni maneno ambayo neno hilo limezoea kukaa nayo. Rejesta ni mahali neno linapofaa: ofisini, kijiweni, mahakamani, msibani.

Kuna pia tofauti kati ya kujua kwa kutambua na kujua kwa kutumia. Neno la kutambua ukilikuta gazetini unalielewa na kuendelea na safari. Neno la kutumia unaliandika mwenyewe, na mwenye lugha hakunji uso. Kila mtu, hata katika lugha aliyonyonya nayo, ana ghala kubwa la kutambua na ghala dogo la kutumia. Jambo la maana ni kuamua mapema neno linaingia ghala gani, kwa sababu gharama zake ni mbali kabisa. La kutambua linataka maana na kukutana nalo mara kadhaa. La kutumia linataka maana, wenza, sarufi, rejesta, tahajia na matamshi. Anayetaka kuyatumia maneno yote anayokutana nayo atachoka kabla ya mwezi kuandama.

Ni maneno mangapi hasa? Mwaka 2006 Paul Nation, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Victoria huko Wellington, New Zealand, alikadiria kwamba kusoma riwaya au gazeti la Kiingereza bila msaada, huku ukielewa maneno 98 katika kila 100, kunahitaji familia za maneno 8,000 hadi 9,000. Kwa kusikiliza mazungumzo zinatosha 6,000 hadi 7,000. Ukipigia hesabu ukurasa wa maneno 300, asilimia 98 inakuachia maneno sita usiyoyajua. Asilimia 95 inasikika kama si mbaya, lakini inakuachia 15, na mtu mwenye mashimo 15 kwenye ukurasa mmoja hasomi tena, anabahatisha.

Tarakimu hizo zisimtishe mwanafunzi, maana kuna njia ya mkato iliyo halali. Mwaka 2000 Averil Coxhead, wa chuo hichohicho, alichambua maandishi ya kitaaluma ya takribani maneno milioni 3.5 na kupata familia 570 zinazojirudia katika fani zote, kuanzia biolojia hadi sheria. Familia hizo 570 peke yake zinabeba karibu asilimia 10 ya andiko la kitaaluma. Kwenye riwaya hazifiki hata asilimia 2. Ndani yake kuna "assume", "derive", "constitute", "significant", "interpret". Haya ndiyo maneno anayokumbana nayo mtoto wa Tanzania aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, siku anapofungua kitabu cha jiografia cha kidato cha kwanza. Zitazame sasa zile orodha za WhatsApp. Utakuta "flabbergasted" na "discombobulate", maneno ya kuchekesha kijiweni, ila "derive" hulikuti. Orodha hizo huchagua maneno kwa sura, hazichagui kwa kazi.

Somo la neno "kali"

Kinachowaangusha wengi ni wenza, na njia nyepesi ya kuliona jambo hili ni kuanzia nyumbani. Kwetu mbwa ni mkali, kisu ni kikali, jua ni kali, pilipili ni kali, mwalimu ni mkali, maumivu ni makali, sheria ni kali, upinzani ni mkali, na mwanga wa tochi usoni nao ni mkali. Tunabadilisha kiambishi tu. Wazo limebaki lilelile. Kiingereza hakina neno hilo moja. Mbwa ni "fierce", kisu ni "sharp", jua ni "scorching", pilipili ni "hot", mwalimu ni "strict", maumivu ni "severe" au "acute", sheria ni "stringent", upinzani ni "stiff", mwanga ni "harsh".

Na maneno hayo hayaazimani nafasi hovyo. Ukiandika "a sharp teacher" kwa kumaanisha mwalimu mkali, umemsifu kuwa ni mwerevu. "A sharp pain" ipo, lakini ni maumivu ya kuchoma ghafla, siyo tu maumivu makubwa. "A strict dog" haipo, na atakayeisoma atacheka kidogo. Kwa hiyo kadi iliyoandikwa "stringent = kali" haijakufundisha kitu hadi iseme pia kwamba rafiki zake "stringent" ni sheria, masharti, vipimo na udhibiti: "stringent laws", "stringent conditions", "stringent tests", "stringent controls".

Anayeuliza kwa nini iwe hivyo na ajiulize kwanza kuhusu "piga". Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga picha, kura, mswaki, hodi, deki na magoti, na katika yote hayo hakuna kinachopata kipigo. Mgeni akisema "nimefanya simu" tunamwelewa vizuri, na papo hapo tunajua ni mgeni. Kiingereza nacho kina "piga" zake: "make a decision", "conduct research", "pay attention", "commit a crime", "reach a conclusion", "hold a meeting", "lodge a complaint", "draw a distinction". Hakuna mantiki itakayokufikisha kwenye "lodge". Unalipokea pamoja na mwenza wake, kama unavyonunua kiatu: huchukui mguu mmoja.

Rejesta nayo tunaijua bila kufundishwa. Mtu hufa, hufariki, huaga dunia, hukata roho, au kwa vijana wa mtaani hudedi. Mbwa hafariki. Tangazo la kifo redioni halisemi marehemu amededi. Vivyo hivyo "die" ni neno la wazi, "pass away" ni la staha, "perish" ni la ajali au maafa yenye watu wengi, na "succumb" hutaka "to" na kile kilichomshinda mtu: "He succumbed to his injuries." Kuna pia rangi ya sifa au lawama ndani ya maneno. Mtu asiyetapanya fedha ni "frugal" ukimpenda na "stingy" ukimchukia. "Notorious" hutafsiriwa "maarufu" na kuachiwa hapo. Kisha mtu anaandika barua ya kumpendekeza rafiki yake kama "a notorious accountant", yaani mhasibu aliyejulikana kwa ubaya. Rafiki hatapata kazi.

Mahali pengine Kiswahili chenyewe ndicho kinachotutega. "Niazime kalamu" na "nimeazima kalamu" ni kitenzi kimoja, ndiyo maana tunasikia "borrow me your pen" wakati Kiingereza kinatenganisha: anayetoa "lends", anayepokea "borrows". "Rahisi" ni urahisi wa kazi na urahisi wa bei, lakini "an easy phone" haiwezi kuwa simu ya bei nafuu. Tunasikia sauti, tunasikia harufu, tunasikia njaa na baridi. Kiingereza "hear" ni ya masikio tu. Halafu kuna vifaa, samani, taarifa na ushauri. Kwa kuwa kwetu kifaa kina vifaa, mkono unaandika wenyewe "equipments", kisha "furnitures", "informations" na "advices". Kwa Kiingereza sanifu nomino hizo hazihesabiki, na ukitaka kuzihesabu unatanguliza "a piece of".

Kidahizo kisomwe chote

Kidahizo ni neno lililoorodheshwa kwenye kamusi pamoja na maelezo yake. Wengi husoma fasili na kufunga. Hayo ni kama kusoma jina la dawa kwenye kopo na kuacha maelezo ya kipimo.

Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ni nzuri kwa kukufikisha mlangoni. Shida yake ni nafasi: "reluctant" na "hesitant" zote zinaweza kuishia kwenye "-a kusitasita". Hapo ndipo inapofaa kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyoandikwa kwa ajili ya wanaojifunza lugha. Ile ya Longman ya mwaka 1978, kwa mfano, ilijifunga kufasili maneno yote kwa kutumia maneno mepesi takribani 2,000 tu. Ukiyajua hayo 2,000, kamusi nzima imekufungukia. Kamusi kubwa za wenye lugha hazina ahadi hiyo: zinaweza kukufasilia neno gumu kwa neno gumu jingine, nawe ukazunguka kama punda wa kinu. Kamusi za wanafunzi zinapatikana bure mtandaoni, kwa hiyo kisingizio cha bei hakipo tena.

Tuchukue "mitigate" na tuisome yote. Kwanza kuna matamshi, na ndani yake kialama kidogo kilichosimama mbele ya silabi yenye mkazo. Hapa ni silabi ya kwanza. Kisha aina ya neno: kitenzi. Karibu yake kuna herufi T, maana yake kitenzi elekezi, kinachodai yambwa, yaani kile kinachotendwa, bila kihusishi katikati. Huandiki "mitigate on". Ingekuwa I, kitenzi kisingebeba yambwa. Kwenye nomino utakuta C au U: C inahesabika, U haihesabiki, na herufi hiyo moja ingetosha kutuokoa na "equipments". Inafuata lebo "formal": neno la ripoti, si la sokoni. Lebo nyingine za kuzichunga ni "informal", "old-fashioned", "literary" na "disapproving". Hiyo ya mwisho ndiyo ingemwokoa mhasibu wetu na ubaya ule.

Ndipo inakuja fasili: kufanya jambo baya lisiwe na madhara makubwa kama ambayo lingekuwa nayo. Zingatia "jambo baya". Kiswahili tuna msemo unaokaa papo hapo, kupunguza makali, na "kali" yetu imerudi tena. Unaweza "mitigate" athari za ukame, hatari, hasara. Huwezi "mitigate" sukari kwenye chai, hata kama daktari ana maoni yake. Hiyo ni "reduce". Wenza wanaotajwa ni "risk", "impact", "effects", "damage". Ndugu zake wana kazi maalumu: "mitigation" ni neno la kila siku katika mijadala ya mabadiliko ya tabianchi, "mitigating circumstances" ni mazingira anayoyaeleza mshtakiwa ili apunguziwe adhabu, na "an unmitigated disaster" ni balaa tupu. Mwishowe kuna jirani wa kuogopwa: "militate against", yaani kuwa kikwazo kwa jambo. Wanaoandika "mitigate against" wamewachanganya hawa wawili, na wamo hata Waingereza wenyewe.

Kidahizo kimoja kikisomwa hivi kinachukua dakika tano au sita. Ndiyo maana maneno matano kwa siku yanatosha.

Sentensi inayobeba neno na sentensi inayolibeba jina tu

Sentensi za mfano ndizo zinazofanya kazi ambayo fasili haiwezi, lakini si kila sentensi. Tazama: "He is meticulous." Funika neno la mwisho. Pengo linajazika na "tall", "sick", "Kenyan", chochote. Sentensi hiyo imelitaja neno, haikulieleza. Sasa hii: "She kept meticulous records: every shilling the savings group collected was written down, dated and signed for." Funika neno, na pengo linadai kitu chenye maana ya umakini wa kupita kiasi katika mambo madogomadogo. Tena umepata mwenza bila kutafuta: "meticulous records".

Kipimo hicho cha kufunika ndicho bora kuliko vyote. Pengo likikubali maneno mengi yasiyo na uhusiano, tupa sentensi hiyo. Kwa "reluctant" na "hesitant" jaribu: "He had the money, but he was reluctant to lend it to a man who never paid anyone back", na "She was hesitant about signing because two of the pages were missing." Wa kwanza anajua anachotaka, na hataki. Wa pili hana uhakika. Tofauti ambayo "-a kusitasita" iliificha imejitokeza yenyewe. Angalia pia kwamba "reluctant" imefuatwa na "to" na kitenzi, na "hesitant" imefuatwa na "about".

Ushauri wa kawaida ni "tunga sentensi yako mwenyewe". Ni ushauri mzuri ukitolewa kwa wakati wake. Ukitunga siku ya kwanza, kosa lako ndilo utakalolikariri, na kosa ulilolitunga mwenyewe halisahauliki upesi. Siku ya kwanza nakili sentensi kutoka kwenye kamusi au gazeti lenye mhariri. Siku ya tatu badilisha kipande kimoja tu: "meticulous records" iwe "meticulous planning" au "meticulous research", mwenza akitoka kwenye kidahizo kilekile. Wiki ya pili tunga ya kwako, kuhusu watu na mambo unayoyajua: chama cha akiba, daladala, shamba la mahindi. Ubongo hushika haraka picha iliyo na mahali pake.

Kadi yenyewe, iwe ya karatasi au ya simu, iwe na sentensi yenye pengo upande wa mbele, na herufi ya kwanza ya neno ili usijaze lingine. Nyuma weka neno, mkazo wake, Kiswahili kifupi, na wenza wawili au watatu. Maana moja, kadi moja. "Sanction" ya vikwazo na "sanction" ya idhini zipate kadi mbili, na zisiingie wiki moja.

Hapo kuna kosa jingine ambalo walimu wengi hulifanya kwa nia njema: kufundisha maneno yanayofanana au yanayopingana kwa pamoja, "imply" na "infer", "affect" na "effect", au majina kumi na mawili ya hasira kwa mkupuo. Inaonekana ni mpangilio mzuri, lakini majaribio yameonyesha kwamba maneno yanayokaribiana maana yakijifunzwa mara moja hugongana kichwani na kuchelewa kukaa. Orodha za kialfabeti nazo zina ugonjwa huo: "adverse" na "averse" zinakaa chini ya herufi moja, na mwanafunzi anatoka hajui ipi ni ipi. Shika moja mpaka iimarike, nyingine ije baada ya wiki mbili au tatu, na hapo ndipo uzilinganishe.

Ghorofa za Kiingereza, na mizizi inayodanganya

Kwa nini lugha moja iwe na maneno matatu ya jambo moja? Jibu liko kwenye historia. Wanormani kutoka kaskazini mwa Ufaransa waliiteka Uingereza mwaka 1066, na kwa muda mrefu Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa na mahakama, huku Kilatini kikibaki cha kanisa na wasomi. Maneno ya kienyeji hayakufa. Yalikaa ghorofa ya chini. Ndiyo maana Kiingereza kina "ask" ya nyumbani, "question" iliyopitia Kifaransa na "interrogate" ya Kilatini.

Sisi tuna jengo kama hilo. Kuuliza ni Kibantu. Kuhoji na kusaili ni za Kiarabu. Unamuuliza mtu njia, unamhoji shahidi, unamsaili mwombaji kazi. Ukisema "nimemsaili mpita njia ilipo stendi", watu watakutazama mara mbili. Basi hapo umeshaelewa kwa nini "I interrogated my neighbour about the price of tomatoes" inamfanya jirani awe mtuhumiwa.

Hii inaivunja imani kwamba Kiingereza cha juu ni maneno marefu. Aliyebobea anajua ghorofa zote na anachagua. "We utilised the big knife to cut the cake" haikuongeza elimu yoyote juu ya "used". Neno refu lina haki ya kuingia pale tu linaposema kitu ambacho fupi haliwezi, kama "mitigate" lilivyobeba dhana ya ubaya ambayo "reduce" haina.

Mizizi ya Kilatini na Kigiriki inasaidia kweli, na Mswahili ana uzoefu wa jambo kama hilo bila kujua, kwa mizizi ya Kiarabu. Kitabu, katibu, maktaba, mkataba: konsonanti k, t, b zinasimama kila mahali na uandishi unazifuata. Hukumu, hakimu, mahakama ni hivyohivyo. Kwa Kiingereza, "bene" ni wema na "mal" ni ubaya: "benefactor" ni mfadhili, "benign" ni uvimbe usio wa saratani, "malignant" ni ule wa saratani, "malfunction" ni hitilafu. Lakini mzizi ni wa kukumbukia neno ulilokwisha kuliangalia. Si wa kubahatisha lile usilolijua. "In" ya kukanusha inamdanganya mtu kwenye "inflammable", ambayo maana yake ni kitu kinachoshika moto upesi. Ukiikosea hiyo kwenye pipa la kemikali, gharama yake si alama ya mtihani. "Invaluable" ni chenye thamani isiyo na kifani. "Infamous" ni anayejulikana sana, kwa mabaya. "Disinterested" kwa maana yake ya uangalifu ni asiye na maslahi, kwa hiyo hakimu anatakiwa awe "disinterested", ila asiwe "uninterested" akasinzia.

Kuhusu matamshi, neno moja tu. Kiswahili huweka mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, karibu bila kukosa, na barabara ya magari na barabara ya sawasawa ni moja ya jozi chache ambazo mkazo hubadilisha maana. Kiingereza kimejaa mambo hayo. "Record" ya nomino ina mkazo mwanzoni, ya kitenzi ina mkazo mwishoni. "Photograph" ina mkazo silabi ya kwanza, "photography" ya pili, "photographic" ya tatu. Kwa hiyo mkazo uandikwe kwenye kadi siku ileile ya kwanza. Kuung'oa baadaye ni kazi.

Hesabu ya marudio

Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885, kwa kujipima mwenyewe, kwamba tunachokariri hupotea kwa kasi mwanzoni, kisha kasi inapungua. Ndiyo sababu marudio hufuata hatua zinazopanuka: rudia siku ya 1, ya 3, ya 7, ya 14 na ya 30. Mjerumani mwingine, Sebastian Leitner, alieneza miaka ya 1970 mtindo wa masanduku: kadi uliyoipata inasogea sanduku la mbele linalofunguliwa kwa nadra zaidi, uliyoikosa inarudi la kwanza. Programu kama Anki hufanya hesabu hiyo kwa niaba yako.

Sasa pigia hesabu mzigo kabla hujaanza. Kila kadi ina marudio matano kwa uchache. Maneno mapya 5 kwa siku, baada ya mwezi, ni marudio takribani 25 kila siku: robo saa hivi. Maneno 20 kwa siku ni marudio 100, mbali na yale uliyokosa. Wiki ya kwanza hutauona mzigo huo, kwa sababu marudio bado hayajarundikana. Unauona wiki ya nne, na hapo ndipo wengi huacha wakidhani hawana kipaji. Kwa mwendo wa maneno 5, siku tano za wiki, zile familia 570 za Coxhead zinakwisha kwa wiki 23. Mwaka mzima unakuletea maneno zaidi ya 1,200. Kadi peke yake hazitoshi. Neno linahitaji kukutwa mara kumi au zaidi katika maandishi tofauti, kwa hiyo nusu ya muda wako iwe ya kusoma, vitu vyepesi kidogo kuliko unavyodhani unavimudu.

Zitakuwepo kadi zinazokataa. Unaikosa mara tano, mara sita, wakati za jirani zimeshasonga. Anki huziita ruba, kwa kuwa zinanyonya muda, na kwa mpangilio wake wa kawaida huitia alama kadi iliyosahauliwa mara nane, na inaweza kuisimamisha. Ukifika hapo usijilaumu. Irudie sentensi kwa kipimo cha kufunika. Mara nyingi utakuta pengo linakubali maneno mengi, au umebandika maana mbili kwenye kadi moja, au neno linagombana na pacha wake uliyemwingiza wiki hiyohiyo. Badilisha sentensi, mwondoe pacha, jaribu tena. Ikikataa bado, ifute. Kama ni neno lenye kazi utakutana nalo tena kwenye kusoma, na safari hiyo litakuja na wenza wake.